Picha Moja ya Baba, Macho Wazi

Katika picha zote alizowahi kupigwa, baba yangu amelala. Amelala amesimama, amelala ameshikana mkono na shehe, amelala katikati ya wanawe huku sisi wote tumekodoa macho. Kwenye kitambulisho chake cha chama cha wakulima amelala amevaa kofia, shingo imenyooka vizuri kabisa. Karani aliyempiga ile picha alirudia na kurudia, mwisho akasema, mzee, foleni ni ndefu, korosho zako hazitakuuliza kama ulikuwa macho. Baba akaondoka nayo hivyo hivyo, na kila msimu anauza korosho zake usingizini.

Mimi, mwanawe wa kwanza, ni mpiga picha. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, na mimi pia.

Nina studio yangu Nachingwea, chumba kimoja si mbali na stendi. Ukuta wa nyuma umechorwa ghorofa, gari jekundu na ndege inayopaa, ili mteja achague mwenyewe anataka kuwa tajiri wa namna gani. Watu wa mji wetu ni wastaarabu, hawamvunjii mtu heshima usoni. Mwanzoni walikuwa wanaingia, wanakaa, wananisalimia vizuri, halafu wanauliza mpiga picha atarudi saa ngapi. Nikisema mpiga picha ni mimi, wanasema, "Haya mama, hamna shida, tutamngoja." Wengine walimngoja mbele yangu hadi wakachoka.

Kilichonipa jina ni flashi. Nilikuwa na kamera ya dijitali yenye flashi yake ndogo inayochomoza kichwani, ambayo ikiwaka unaona aibu mwenyewe. Kisha mfanyabiashara mmoja anayefuata mizigo Dar akaniletea flashi ya nje, kubwa, ya kuchomeka juu ya kamera, yenye kichwa kipana na shingo inayogeuka kila upande. Siku ya kwanza niliipandisha juu ya kamera nikatoka nayo barazani, na mteja aliyekuwa anamngoja mpiga picha akasimama, akapanga kola. Sikuulizwa tena. Kumbe muda wote ule walichokuwa hawakioni ni mtambo. Mtu hawakuwa na shida naye.

Na mtambo lazima uwake. Huku kwetu picha isiyowaka si picha, ni utapeli. Niliwahi kwenda kupiga kikundi cha akina mama kule Narung'ombe, saa sita mchana, jua limesimama utosini, kila kitu kinang'aa chenyewe. Nikazima flashi, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba kwenye mwanga kama ule haina kazi. Mwenyekiti wao akaniita pembeni kwa sauti ya chini, ya mtu anayekusitiri. "Mwanangu, mbona haijawaka? Na sisi tumevaa." Nikarudi nikawapanga upya, flashi ikawaka juani ambako hata nzi hakushtuka, na wote wakaridhika. Tangu hapo huwa nawasha kwanza kwa ajili ya heshima, mambo ya mwanga tutayaona baadaye.

Basi mdogo wangu alipoolewa, nikaenda harusini na flashi yangu nikijiona mtu. Sherehe ilikuwa Ruangwa mjini. Nilikuwa nimeshajifunza kwenye simu kwamba wataalamu hawaipigi flashi usoni mwa mtu. Wanaigeuza shingo, wanaipiga darini, mwanga unagonga dari nyeupe na kurudi taratibu, na uso unatoka laini. Somo zuri sana, ila aliyelifundisha hakuwahi kuingia kwenye ukumbi wetu. Kamati ya mapambo ilikuwa imefunika dari yote kwa vitambaa vya zambarau, ukuta hadi ukuta, kwa sababu zambarau ndiyo ilikuwa rangi ya sare. Mwanga ukapanda mweupe, ukashuka zambarau. Bibi harusi zambarau, bwana harusi zambarau, pilau zambarau. Shangazi yangu alipoletewa picha yake aliitazama sana, akauliza kwa upole kama kuna ugonjwa niliougundua kwake ambao naona vigumu kumwambia.

Lakini picha iliyoleta maneno haikuwa ya ukumbini. Ilikuwa ya asubuhi ile, nyumbani kwetu Mbekenyera, wakati wa ndoa yenyewe. Baba ndiye walii, ameshikana mkono na bwana harusi, anatamka maneno ya kumwoza binti yake. Pale barazani hapakuwa na dari wala kitambaa, kwa hiyo nilipiga moja kwa moja. Kila mtu alitoka vizuri. Bwana harusi anaonekana kabisa kwamba anatetemeka, mashahidi wamekaza macho, shehe ameinamia mikono yao. Na baba yangu, mwenye shughuli, amelala fofofo.

Picha hiyo ingeingia kwenye albamu na kusahaulika, kama si mtani wa baba. Huyu ni binamu yake, mtoto wa mjomba wake, na mashamba yao yamepakana. Kwetu binamu ni mtani, na mtani hana breki. Anaweza kuondoka na kuku wako, anaweza kukalia kiti chako, anaweza kuulilia msiba wako nawe unamsikia, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na atakayesemwa ni wewe. Alikuja kwangu akaomba nakala ya ile picha kwa adabu kubwa, nikampa. Akaiwekea fremu, akaitundika sebuleni kwake, na kila mgeni aliyeingia akaoneshwa. "Huyu ni mtani wangu, marehemu. Alimwoza binti yake akiwa ameshafariki. Ndoa ile ina utata, tunawasubiri mashehe."

Maneno yakatembea. Akikutana na baba njiani anavua kofia, anainamisha kichwa, anamsomea dua. Akimkuta sokoni anauliza, "Marehemu, leo wamekupa ruhusa?" Na baba anajibu kama mtani anavyotakiwa kujibu, "Nitakuzika wewe kwanza, na sanda nitakukatia fupi, miguu ibaki nje." Watu wanacheka, wenyewe wanacheka, wanashikana mikono na kila mmoja anaendelea na safari yake. Mimi naupenda utani huo. Nadhani bila huo watu wa kwetu tungekuwa tumeshamalizana kwa heshima.

Ila siku moja, tukiwa wawili tu chini ya mikorosho tunaokota, baba aliniambia jambo bila kucheka. "Mwanangu, yule anatania, lakini picha haitanii. Siku nikiondoka kweli, wajukuu zangu wataoneshwa nini? Mtu aliyelala. Watajua nilikuwepo. Hawatajua kwamba nilikuwa nawaangalia." Akaniomba picha moja. Moja tu, macho wazi, aitundike sebuleni kwake, na mtani wake aje aione, anyamaze. Aliniomba kwa adabu, kama mteja, mtu aliyenibeba mgongoni. Niliona uchungu, nikamwahidi hapo hapo.

Kuahidi hakuna kazi. Nilimpiga nje bila flashi, jua likamkunja uso, akatoka kama mtu aliyelamba ndimu. Nilimpiga kivulini, picha ikawa nzuri kiasi chake, lakini alikataa hata kuitazama kwa sababu haikuwaka. Nilimwambia afumbe macho, mimi nihesabu, nikifika tatu afumbue. Akafumbua kwenye nne, kwa uaminifu mkubwa, kila tuliporudia. Nilimwambia asiiwaze flashi, awaze kitu kingine. Akauliza kitu gani. Nikasema chochote, baba, shamba, mbuzi, chochote. Akaanza kuwaza, na ili awaze vizuri akafumba macho.

Nilikasirika, nakiri. Nilimwambia mama kwamba mumewe anafanya makusudi. Mama akasema, "Hafanyi makusudi, anaogopa." Baba alikuwa anasikia, na nikaona kwamba neno lile limemwingia vibaya.

Jibu nililipata kwenye simu, nikitafuta kitu kingine kabisa. Kumbe flashi hizi zikiachiwa zijipimie mwanga zenyewe, haziwaki mara moja. Flashi inatoa kwanza mwako mdogo wa kupima, ndipo inatoa mwako wenyewe, na vinafuatana upesi kiasi kwamba watu wengi wanaona mwako mmoja. Wengi, si wote. Kuna wachache wenye kope nyepesi. Mwako mdogo ukiwagusa tu, macho yameshafunga, na mwako mkubwa unawakuta wamelala. Dawa yake ni kuiondoa flashi kwenye kujipimia na kuipangia nguvu kwa mkono, iwake mara moja tu, bila kubisha hodi. Nilifurahi hadi mteja aliyekuwa amekaa mbele ya ndege inayopaa akaniuliza kulikoni.

Nikampigia baba simu siku ile ile. Akauliza, "Kwa hiyo kosa si langu?" Nikasema si lako, baba, wewe unawahi tu. "Kwa hiyo wakati wenzangu bado hawajaona kitu, mimi nimeshaona?" Nikasema ndivyo. Nilimsikia anamgeukia mama na kumwambia hayo yote upya, kwa sauti ya mtu aliyesafishwa jina. Kesho yake alimweleza mtani wake. Mtani akasema hilo analijua, marehemu huwa wanaona mambo kabla ya watu.

Ningekwenda wiki ile ile. Lakini ilikuwa wakati watu wamevuna ufuta na kukumbuka kwamba wana mabinti wa kuoza, na mpiga picha mwenye flashi kubwa hapati nafasi ya kukaa chini. Kila mwisho wa juma nilikuwa kwenye harusi ya mtu, Nachingwea, Ruangwa, vijijini huko. Nikatumia nafasi hiyo kujifunza kuipanga flashi kwa mkono, ambalo si jambo la kujaribu mara moja. Ukisogea karibu na mtu bila kupunguza nguvu, unamgeuza chaki. Ukirudi nyuma bila kuongeza, unabaki na meno yake tu. Wapo maharusi wa mwaka ule ambao hadi leo wana albamu ya meno, na naomba wapendane hivyo hivyo.

Baada ya ufuta ikaja korosho, baada ya korosho ikaja mvua. Mbekenyera nilikuwa napita haraka haraka, naingia jioni, asubuhi niko juu ya bodaboda, na kamera imebaki studio. Nilichokiona nyumbani nilikipenda. Baba alikuwa amepoa. Zamani alikuwa mtu wa kukagua: kikombe kina ufa, mlango umekaa vibaya, wewe umekonda, huyo mumeo anakulisha nini. Sasa alikuwa amekaa tu kwenye kiti chake, ananisikiliza, uso umetulia, hata siku nilipofika nimekonda kweli. Baiskeli alikuwa ameigawa, akasema ni magoti. Msahafu ulikuwa juu ya kabati, akasema sasa anasoma kwa moyo, umri umefika.

Mama naye alikuwa amebadilika. Miaka yote nimekua nikimwona anamwekea baba chai mezani na kuondoka zake. Sasa alikuwa anakaa karibu naye, anamshika mkono, anauweka kwenye kikombe, na kumwambia kwa sauti ndogo, "Moto." Wakitoka kwenda kwa jirani, yeye ambaye siku zote alitembea nyuma alikuwa anatembea ubavuni kwake, kiwiko kwa kiwiko. Nilirudi Nachingwea nikiwasimulia watu kwamba wazazi wangu wamezeeka wakaanza kupendana upya. Nikamwambia na mume wangu ajifunze.

Idi ya mwaka huu nikasema basi. Nikaijaza flashi betri mpya, nikaifunga kwenye kanga, nikaenda nayo Mbekenyera. Baba alipoambiwa kwamba ni leo, alioga upya. Mama akamvalisha kanzu, akamfunga kifungo cha shingoni, akaiweka kofia sawa, akamkalisha sebuleni, na yote hayo baba aliyapokea kwa upole nilioutamani niupige picha. Nikamwambia, "Baba, leo haitabisha hodi." Akacheka. "Na mtani aitwe," akasema. "Sitaki baadaye aje adai umempiga mtu mwingine."

Mtani hakuhitaji kuitwa. Alikuwa ameshaingia jikoni kwa mama, anafunua sufuria, kama ilivyo haki yake. Akaja sebuleni na sahani ya pilau mkononi.

"Shikamoo, baba mkubwa," nikamwambia.

"Marahaba. Umekuja kumpiga marehemu? Usimwamshe ghafla, ni dhambi."

Akavuta kigoda, akaketi ubavuni kwa baba, akaanza kuweka masharti. Nilikuwa nimetundika shuka jeupe ukutani, ili flashi niipige kwenye shuka na mwanga urudi laini, maana bati letu limeshika moshi wa miaka mingi na haliwezi kurudisha chochote. Akalikataa. "Shuka la nini? Au ndiyo sanda yake mmeshaleta? Toa. Wenzake wote wanapigwa usoni, na yeye apigwe usoni. Na karibu. Tumwone mwanamume."

"Toa shuka, mwanangu," baba akasema. "Piga usoni."

Mama alikuwa mlangoni. "Jamani, si mngeacha tu, sikukuu hii," akasema, lakini hakuna aliyemsikiliza. Jirani alikuwa amefungulia muziki wa singeli kwenye spika yake tangu watu walipotoka kuswali, bati lilikuwa linatetemeka, na ili usikike ilibidi upaze sauti.

Nikatoa shuka. Nikaigeuza shingo ya flashi ikamtazama baba moja kwa moja, nikapunguza nguvu, nikachuchumaa mbele yake karibu kiasi cha kugusa goti lake. "Tazama huku, baba." Akageuza uso kufuata sauti yangu, akaweka mabega sawa. Taa ndogo nyekundu ya flashi ikawaka kuonyesha iko tayari. Nikabonyeza.

Sebule yote ikawa nyeupe. Nikatazama kioo cha kamera. Macho wazi. Si nusu, si yanayoelekea kufumba. Wazi kabisa, yametulia, kila moja lina nukta ya mwanga katikati. Nikabonyeza tena nisije nikajidanganya. Wazi. Nikasogea zaidi, nikabonyeza. Wazi tena. Aliyekuwa anafumba ni mtani wake pale pembeni, aliyejikunja kila flashi ilipowaka, hadi akajimwagia pilau kwenye kanzu. Nilijisikia fundi. Nilijiona nimelishinda tatizo la miaka yote kwa kugeuza kitufe kimoja, na nilikuwa nafungua mdomo niwaeleze wote jinsi ule mwako mdogo wa kupima unavyofanya kazi.

"Piga basi, mwanangu," baba akasema, hajageuka, bado ameweka uso wa picha. "Shingo inaniuma. Unangoja nini?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama, safari hii si kwenye kioo, yeye mwenyewe. Ile flashi ina kitufe cha kujaribia, cha kuiwasha bila kupiga picha. Nikakibonyeza, ikamwakia usoni. Hakupepesa. Hata ngozi ya chini ya jicho haikutikisika. Alikuwa anatazama mahali sauti yangu ilipotokea mara ya mwisho, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekishika kiti kwa nguvu. Alikuwa anajikaza asifumbe.

Nikamgeukia mama. Alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga, ananitikisia kichwa: usiseme. Ndipo baiskeli, msahafu na kikombe cha chai vikanijia vyote kwa pamoja. Niliona hasira. Nilimkasirikia mama kwa kuficha, nikamkasirikia baba kwa kumwamuru afiche, nikaikasirikia kamera, kwa sababu ndani yake kulikuwa na picha nzuri kuliko zote nilizowahi kumpiga. Chini ya hasira kulikuwa na woga, na chini ya woga kulikuwa na kilio ambacho sikujua nitakitoaje bila yeye kusikia. Kwa mara ya kwanza maishani niliishukuru singeli.

Akabaki mtani. Alikuwa ameona. Mtani wa kwetu ana ruhusa ya kusema lolote, hata kaburini, udongo ukiwa bado mbichi, na mimi nilimtazama nikijua kwamba sasa atasema, na hakuna atakayemlaumu. Aliweka sahani chini. Akanyoosha mkono, akaupitisha polepole mbele ya macho ya baba, kulia, kisha kushoto. Macho ya baba hayakuufuata. Akaurudisha mkono mapajani, punje za pilau zikiwa bado zimemganda kifuani.

Kisha akapaza sauti kuishinda spika ya jirani. "Haya, mpige huyo tumalize! Mtani, kaza sasa! Moja, mbili, tatu!"

Nikapiga.

"Amefumbua!" mtani akapiga kelele. "Wallahi amefumbua! Wewe shemeji, njoo ushuhudie, huyu mtu amefumbua macho mbele ya flashi! Mtani, umenishinda. Ile ya kwangu naishusha leo leo." Machozi yalikuwa yanamtiririka wazi wazi, hayafuti, kwa sababu hapakuwa na haja ya kuyaficha.

Baba akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha mtu aliyeshinda mbio. Akapiga goti lake kwa kiganja. "Nilikwambia," akasema. "Nilikwambia siku nikitaka, nafumbua." Akanyoosha mikono yote miwili, hewani, kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa. "Lete nione."

Nikasogea, nikamwekea kamera mikononi. Aliipokea kwa uangalifu, akaipapasa flashi, bado ya moto, akaipapasa lenzi, akaigeuza na kuigeuza, mwisho akaiinua usoni pake. Kioo chenye picha yake kilikuwa kimetugeukia sisi. Yeye alikuwa ameelekeza macho kwenye lenzi, na akakaa hivyo kwa muda, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu anayejichunguza kofia.

"Ehee," akasema. "Hapo sasa ni mimi."